Maji Magumu Kuliko Ugali: Kumeza kwa Taabu Utu Uzimani

Wengi wetu huamini kwamba mgonjwa akishindwa na ugali atapewa uji, akishindwa na uji atapewa maziwa, na akishindwa na vyote hivyo, maji hayawezi kumshinda. Kwa mtu aliyepatwa na kiharusi mpangilio huo mara nyingi huwa kinyume chake. Uji mzito anaweza kuumeza salama, mtori ukamshuka vizuri, kisha funda moja la maji safi likampalia hadi macho yakamtoka. Nimemuuguza mama yangu katika hali hiyo nyumbani kwetu Tanga, na jambo nililolazimika kulieleza mara nyingi kuliko yote, kwa ndugu, kwa majirani na kwa kila aliyekuja kumjulia hali, ni hilo: kwamba kumpa mgonjwa kilicho chepesi si sawa na kumpa kilicho salama.

Sababu yake iko kooni, mahali ambapo njia ya chakula na njia ya hewa hutumia ukumbi mmoja kabla hazijaachana. Tonge likishatafunwa na kulainishwa kwa mate, ulimi hulisukuma nyuma kwa kuligandamiza kwenye kaakaa. Kuanzia hapo mambo hayangoji amri ya mlaji. Kaakaa laini hupanda na kuziba njia ya puani, zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilicho mlangoni mwa njia ya hewa, huvutwa juu na mbele, na unaweza kulihisi likipanda ukiweka kidole kwenye kikoromeo na kumeza mate, kidakatonge, kifuniko kilicho nyuma ya ulimi, huinama na kulifunika zoloto, nyuzi za sauti hufungana, pumzi husimama, na mlango wa umio (mrija wa chakula), ambao muda wote hukaa umebanwa, hulegea ili kupokea kilichokuja. Hatua hii ya kooni huchukua takriban sekunde moja, nayo huendeshwa na misuli zaidi ya 30 inayopokea amri kupitia jozi tano za neva zitokazo moja kwa moja kwenye ubongo. Mtu mzima mwenye afya hufanya kazi hiyo mamia ya mara kwa siku, pamoja na usiku anapomeza mate usingizini, bila kujua kwamba amefanya lolote.

Kiharusi kinapoharibu sehemu ya ubongo inayoratibu kazi hiyo, jambo la kwanza kuharibika mara nyingi ni wakati. Ulimi unachelewa kusukuma, au zoloto linachelewa kupanda, na ucheleweshaji huo unaweza kuwa sehemu tu ya sekunde. Tonge la mtori huteremka polepole, kwa hiyo hulingojea koo lililochelewa. Maji hayangoji. Huteleza kutoka ulimini na kufika kwenye mlango wa njia ya hewa kabla haujafungwa, na kwa kuwa hayana umbo, hupenya kwenye upenyo wowote. Ndiyo maana kwa ugonjwa wa neva vinywaji vyepesi ndivyo huwa vya kwanza kumpa mtu taabu, ilhali kwa ugonjwa wa umio, kama nitakavyoeleza mbele, vyakula vigumu ndivyo hutangulia kukwama.

Mama alipolazwa, ukutani juu ya kitanda chake kilibandikwa kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu ya wino mzito: ASIPEWE KITU KWA MDOMO. Karatasi hiyo ilizua mgogoro mkubwa kuliko ugonjwa wenyewe. Shangazi yetu, ambaye amelea nusu ya ukoo, alisimama kando ya kitanda akaitazama midomo ya wifi yake ilivyopasuka, akaniambia: "Mwanangu, mtu amekauka hivi nanyi mnamtazama tu? Mpe hata funda moja." Muuguzi aliyekuwa anabadilisha dripu alimjibu kwa upole kwamba funda hilo moja ndilo wanalolihofia. Shangazi hakuridhika, na simlaumu, kwa sababu katika malezi yetu kumnyima mgonjwa maji ni ukatili usio na jina. Lakini miongozo ya tiba ya kiharusi, ya Uingereza na ya Marekani pia, inasema wazi kwamba mgonjwa apimwe uwezo wake wa kumeza kabla hajapewa chakula, kinywaji au hata kidonge. Takriban nusu ya wagonjwa wa kiharusi huwa na taabu ya kumeza katika siku za mwanzo, na mtu hawezi kumjua mwenye nayo kwa kumtazama usoni.

Kipimo chenyewe, kwa hatua zake za kwanza, hakihitaji mashine. Muuguzi alimkalisha mama wima, akamsafisha kinywa kwa kitambaa laini kilicholowa maji, akamwambia: "Bibi, kohoa kidogo nikusikie." Akamwomba ameze mate huku vidole vyake vikiwa vimegusa koo kwa nje ili ahisi kama zoloto linapanda. Kisha akampa maji robo kijiko cha chai, akangoja, akamwambia: "Sema aaa." Sauti ilitoka ikiwa na mchemko ndani yake, mithili ya mtu anayesukutua. Muuguzi hakuendelea. Sauti hiyo iliyolowa ilimwambia kwamba maji yalikuwa yamekaa juu ya nyuzi za sauti, na kwamba mama hakuyahisi vya kutosha kukohoa. Kwa wagonjwa wanaopita hatua hiyo, kipimo kinachotumiwa sana ni kile kilichoelezwa na watafiti wa Marekani mwaka 1992, cha kunywa takriban mililita 90 za maji mfululizo bila kupumzika, mpimaji akisikiliza kikohozi na mabadiliko ya sauti. Nisingependa yeyote akijaribu nyumbani kwa mgonjwa ambaye hajawahi kupimwa.

Kinachosumbua zaidi ni kwamba kikohozi, ambacho sote tunakitegemea kama kengele, kwa wengine hakilii kabisa. Neva zinazohisi kitu kigeni kwenye zoloto zikifa ganzi, chakula au mate huingia mapafuni kimyakimya, mgonjwa akiwa ametulia na mlishaji akiwa na furaha kwamba leo sahani imekwisha. Katika vipimo vya eksirei ya kumeza, ambapo mgonjwa hupewa chakula kilichochanganywa na bariamu, dawa inayokifanya kionekane kwenye eksirei, na daktari akakitazama kikishuka kwenye kioo cha mashine, sehemu kubwa ya watu ambao chakula kinaonekana kikiingia kwenye njia ya hewa hawakohoi hata kidogo. Kwa hiyo mlezi anapaswa kujifunza dalili nyingine zilizo ndogo zaidi: sauti inayolowa baada ya kumeza, machozi yanayolengalenga katikati ya mlo, pumzi inayokwenda mbio, chakula kinachobaki shavuni upande uliopooza, kinywaji kinachorudi kupitia puani, mate yanayochuruzika, mgonjwa kumeza tonge moja mara nyingi, au mlo uliokuwa wa robo saa kugeuka kuwa wa saa nzima. Homa inayopanda na kushuka bila sababu, makohozi yanayoongezeka jioni na nguo zinazoanza kumpwaya ni dalili pia, ingawa hizo huja wakati jambo limeshakwenda mbali.

Kinachofuata huwa ni nimonia, mara nyingi kwenye sehemu ya chini ya pafu la kulia, kwa sababu tawi la njia ya hewa la upande huo ni pana na limesimama wima kuliko la kushoto. Katika familia nyingi homa hiyo hupewa majina mengine. Husemwa ni malaria, au kwamba ugonjwa umemrudia, na mgonjwa akifa husemwa amekufa kwa kiharusi, ilhali alichokufa nacho ni uji.

Si kila taabu ya kumeza inatoka kwenye ubongo, na hapa ndipo maswali ya daktari huwa na thamani kuliko mashine zake. Ukimwambia kwamba chakula kinakwama, atataka kujua kinakwama wapi, kilianza na nini na kinaendeleaje. Anayekohoa au kupaliwa mara tu anapoanza kumeza huwa na tatizo la kinywa au koo. Anayemeza vizuri kisha sekunde kadhaa baadaye akahisi kitu kimesimama kifuani huwa na tatizo la umio. Aliyeanza kushindwa na nyama na ugali, kisha wali, kisha uji, na miezi michache baadaye maji, anaeleza njia inayozidi kuwa nyembamba. Aliyeshindwa na vigumu na vyepesi kwa pamoja tangu siku ya kwanza, hali ikija na kuondoka, huenda misuli ya umio wake ndiyo isiyosukuma ipasavyo.

Simulizi ile ya njia inayozidi kubana, hasa ikiambatana na kukonda, haipaswi kusubiri katika ukanda wetu wa Afrika. Saratani ya umio ina mkanda wake unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, na madaktari wa Hospitali ya Tenwek kule Bomet, magharibi mwa Kenya, wameandika kuhusu wagonjwa wake wengi, wengine vijana wasiofika miaka 30. Sababu zake bado zinachunguzwa, lakini chai ya moto sana imo kwenye orodha ya washukiwa: mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vinywaji vinavyonywewa vikiwa na zaidi ya nyuzi joto 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, na watafiti waliopima vikombe vya wakazi wa Kilimanjaro walikuta chai ikianza kunywewa ikiwa na takriban nyuzi 70. Wengi hufika hospitali maji yakiwa yameanza kukwama, wakati ambao kilichobaki ni kuwekewa kijibomba cha waya wa chuma kinachojitanua chenyewe ndani ya umio ili mtu aweze angalau kula. Nafuu hiyo si ndogo kwa aliyekuwa hamezi hata mate. Hata hivyo, mtu mwenye miaka 40 ambaye nyama imeanza kumkwama leo anapaswa kupimwa kwa kamera mapema, si kupewa dawa za vidonda vya tumbo mwezi baada ya mwezi.

Yako pia mambo ya umio yanayotibika upesi. Mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI ambaye kumeza kunamuuma, na pengine utando mweupe unaonekana kinywani, mara nyingi ana fangasi wa umio, nao huondoka kwa vidonge vya flukonazoli vya wiki mbili hadi tatu, ingawa kuwapo kwao ni ishara kwamba kinga ya mwili imeshuka sana na tiba nzima inahitaji kuangaliwa. Kidonge cha doksisaiklini kikimezwa kwa funda dogo la maji na mtu akalala papo hapo, kinaweza kushikamana na ukuta wa umio na kuuchoma. Kiungulia cha miaka mingi kinaweza kuacha kovu linaloubana. Orodha ni ndefu, na upande wa koo vilevile: ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa mwili, uvimbe wa shingo na mionzi inayotumiwa kuutibu, udhaifu wa misuli unaozidi kadiri mlo unavyoendelea, dawa zinazokausha mate, meno yaliyokwisha, na umri wenyewe, ambao hupunguza kasi ya kumeza hata kwa mzee asiye na ugonjwa.

Narudi jikoni, kwa kuwa ndiko kazi yetu ilikokuwa. Wataalamu wa nchi mbalimbali waliokutana kuanzia mwaka 2013 walitengeneza mfumo mmoja wa kupima uzito wa vinywaji na ulaini wa vyakula, unaojulikana kwa kifupi chake IDDSI, wenye ngazi kuanzia 0 ambayo ni maji hadi 7 ambayo ni chakula cha kawaida. Uzuri wake ni kwamba vipimo vyake vinafanyika juu ya meza ya kulia. Unachukua bomba la sindano la mililita 10, unatoa kisukumio, unaziba ncha kwa kidole, unajaza kinywaji hadi alama ya 10, unaachia kwa sekunde 10, kisha unaziba tena na kusoma kilichobaki. Kikibaki chini ya mililita 1, hicho ni chepesi kama maji. Kati ya 1 na 4 ni ngazi ya kwanza. Kati ya 4 na 8 ni ya pili. Zaidi ya 8 ni ya tatu. Na kama hakuna kilichodondoka, umefika ya nne, ambayo huliwa kwa kijiko. Tahadhari moja: mabomba hayalingani, na lile lililokusudiwa lina urefu wa milimita 61.5 kutoka alama ya 0 hadi ya 10, kwa hiyo shika rula kabla ya kuamini jibu. Kwa vyakula hutumika uma. Chakula laini cha vipande, ambacho kwa mtu mzima vipande vyake havizidi sentimita 1.5, kinapaswa kupondeka ukikigandamiza kwa uma hadi ukucha wa kidole gumba ugeuke mweupe. Na kile kilichosagwa kiwe na chembe zinazopita kati ya meno ya uma, yaani kama milimita 4.

Mama alipangiwa ngazi ya tatu kwa vinywaji na ya nne kwa chakula. Nilidhani uji ungekuwa jibu la kila kitu, na ukweli ni kwamba uji ni chakula chenye hila. Ukitoka jikoni hupita bombani vizuri, na baada ya dakika chache mezani umepoa na kuganda hadi umepanda ngazi nzima. Kisha, mlaji akianza kula, huteremka tena: mate yana kimeng'enya kinachovunjavunja wanga, na kila kijiko kinachotoka mdomoni na kurudi bakulini hupeleka mate hayo, hata nusu ya pili ya bakuli ikawa nyepesi kuliko ya kwanza. Suluhisho letu lilikuwa kupakua kidogo kidogo kwenye kikombe cha pembeni na kulisha kutoka humo. Unga wa kimea, ambao kina mama wengi wa Tanzania wamefundishwa kuuongeza kwenye uji wa watoto ili uwe mwepesi huku ukibeba unga mwingi, hufanya kazi kwa njia iyo hiyo na kwa sababu hiyo haufai kabisa kwa mtu wa namna hii. Vizitishi vya dukani vilivyotengenezwa kwa gundi ya mimea haviyeyushwi na mate, lakini havipatikani kila duka la dawa.

Vyakula vya pwani na vya bara, kwa bahati nzuri, vimejaa vitu vinavyofaa. Bokoboko, ambayo ni ngano na nyama iliyopondwa hadi ikawa kitu kimoja, ikiongezwa supu kidogo na kupitishwa kwenye chujio ni mlo kamili. Mtori wa ndizi uliosagwa vizuri, viazi vitamu vilivyopondwa kwa tui zito, maharage yaliyochujwa maganda, parachichi lililosagwa, mtindi usio na mabonge: vyote hivi hukaa pamoja kama tonge moja na kushuka. Vinavyoleta matata ni vile vyenye sura mbili kwa pamoja, kama supu nyepesi yenye vipande vya nyama, tikitimaji linalotoa maji likitafunwa, au wali wa punje zilizoachana uliomwagiwa mchuzi mwepesi, kwa kuwa kinywa kinapaswa kushughulikia kigumu huku maji yakiwa yameshatangulia. Karanga, bisi, mkate mkavu na ndizi za kukaanga husambaa au kukwaruza. Aiskrimu na barafu za ukwaju huonekana nzito kwenye kikombe na kuwa maji zikigusa ulimi. Kuhusu ugali, watu wamenibishia, lakini nilichokiona ni kwamba ugali mgumu unanata kaakaani kwa mtu ambaye ulimi wake hauna nguvu za kuubandua, na mlenda hausaidii kama inavyosemwa, kwani huteleza mbele na kuuacha ugali nyuma.

Nasema haya yote huku nikiwa na shaka kiasi na imani yetu katika uzito wa chakula. Kinywaji kizito huingia kwenye njia ya hewa mara chache zaidi, hilo limeonekana kwenye vipimo, lakini kwa mwenye koo dhaifu sehemu yake hubaki kooni baada ya kumeza, na wagonjwa wengi hawakipendi na hivyo hunywa kidogo mno. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008, uliowahusu wagonjwa wa Parkinson na wa upungufu wa akili uzeeni, haukuona tofauti kubwa ya nimonia kati ya waliopewa vinywaji vilivyozitishwa na waliokunywa vyepesi huku wakiinamisha kidevu, ilhali walioishiwa maji mwilini walikuwa wengi zaidi katika kundi la vizito. Kwa joto la Tanga, mkojo mchache wenye rangi ya chai ni habari ya kufikishwa kwa daktari siku hiyohiyo.

Jinsi ya kulisha ina uzito sawa na kinacholishwa, na pengine unaozidi. Mama alikaa kwenye kiti, si kitandani, nyayo zikiwa chini, mgongo umenyooka, na aliendelea kukaa hivyo kwa nusu saa baada ya mlo. Mlishaji alikaa chini ya usawa wa macho yake, kwa kuwa mlishaji aliyesimama humlazimisha mgonjwa kuinua kichwa, na kichwa kilichoinuka hufungua njia ya hewa. Kijiko kilikuwa cha chai. Hakikuletwa kingine mpaka koo limeonekana kupanda na kinywa kimekaguliwa, redio ilizimwa, na hakuna aliyeruhusiwa kumuuliza swali akiwa na chakula mdomoni, sheria ambayo wageni waliivunja kila walipoketi. Kuinamisha kidevu au kugeuza shingo kuelekea upande uliopooza huwasaidia wengine sana, lakini hayo yaelekezwe na aliyempima mgonjwa, kwani koo moja halifanani na jingine.

Kisha kuna suala la nani anashika kijiko. Mtafiti Susan Langmore na wenzake waliwafuatilia wazee nchini Marekani na kuchapisha matokeo mwaka 1998: miongoni mwa mambo yaliyotabiri vizuri zaidi nani atapata nimonia ya kupaliwa, kutegemea kulishwa na mtu mwingine kulitangulia, na kutegemea wengine kusafishwa kinywa pamoja na meno mabovu navyo vilikuwamo. Mtu anayejilisha hupima mwenyewe kasi na kiasi, na ubongo wake hujiandaa kwa tonge analoliona mkono wake ukilileta. Hata mkono ulio dhaifu, ukishikwa na mkono wa mlishaji na kupelekwa pamoja mdomoni, hufanya kazi hiyo kwa sehemu. Sisi hupenda kulisha kwa sababu ni haraka, na kwa sababu mapenzi yetu huhesabiwa kwa vijiko. "Mama, kimoja tu cha mwisho, kwa ajili yangu," ni maneno ambayo niliomba yasisemwe nyumbani kwetu, kwani kijiko hicho cha mwisho huja wakati misuli imeshachoka.

Usafi wa kinywa nao si urembo. Mate huingia mapafuni usiku hata kwa asiyekula chochote, na kinachoyafanya kuwa hatari ni bakteria walio ndani yake. Kupiga mswaki meno, ulimi na kaakaa baada ya kila mlo, pamoja na kuvua meno bandia usiku na kuyasafisha, ni kinga ya bei nafuu kuliko zote. Ndiyo pia iliyofungua mlango wa maji. Kituo cha tiba cha Frazier kilichoko Louisville, Kentucky, kilianzisha utaratibu wa kuwaruhusu baadhi ya wagonjwa wanaokula chakula kilichozitishwa kunywa maji matupu kati ya milo, kinywa kikiwa kimesafishwa kwanza, kwa hoja kwamba maji safi kidogo yakiingia pafuni hufyonzwa, ilhali maziwa, chai ya sukari na mabaki ya chakula havifyonzwi hivyo. Si kwa kila mgonjwa, na aliye na nimonia au asiyejitambua vizuri hahusiki.

Vidonge vilitusumbua kuliko chakula. Desturi ya kuvitwanga vyote na kuvikoroga kwenye uji ina hatari yake: dawa za presha zinazotolewa polepole mwilini, nifedipini ya aina hiyo ikiwa mojawapo, zikitwangwa hutoa kipimo cha saa nyingi kwa mkupuo na kuangusha shinikizo la damu ghafla. Mfamasia akiulizwa huweza kutafuta dawa ya maji au aina nyingine inayoruhusu kutwangwa. Na akitokea mtu kukabwa kabisa, yaani hawezi kukohoa, kusema wala kuvuta pumzi, hapewi maji wala tonge la kusukumia. Huinamishwa mbele na kupigwa mgongoni kwa kiganja katikati ya mabega mara 5, kisha, kama hakijatoka, hukumbatiwa kwa nyuma na kubanwa tumbo juu ya kitovu kwa kuvuta ndani na juu mara 5, na mambo hayo mawili hupokezana huku wengine wakitafuta gari.

Siku za mwanzo mama alilishwa kwa mpira wa puani. Familia zinazorudi nyumbani na mpira huo zijue kwamba unaweza kuhama kutoka tumboni, na kwamba kabla ya kila mlo huvutwa majimaji kidogo na kupimwa kwa karatasi ya asidi, ambayo inapaswa kusoma pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi, ya 5.5 au chini. Kichwa na kifua viinuliwe angalau nyuzi 30, na kinywa kisafishwe kama kawaida. Ikionekana kwamba mgonjwa atauhitaji kwa muda mrefu, madaktari huweza kushauri mpira unaopitishwa kwenye ukuta wa tumbo, ingawa utafiti mkubwa wa kimataifa wa mwaka 2005 haukuona faida ya kuharakisha hilo katika wiki za mwanzo za kiharusi. Kwa mzee aliye katika hatua za mwisho za upungufu wa akili mimi ningefikiri mara mbili: haijaonyeshwa kwamba mpira huongeza maisha yake wala kwamba humkinga na nimonia, na chama cha madaktari wa wazee cha Marekani kinapendekeza alishwe kwa mkono, taratibu, kile anachokiweza.

Jambo ambalo vitabu hulipitia haraka ni sinia. Kwetu watu hula pamoja, na mwenye bakuli lake pembeni huonekana amejitenga au ametengwa. Mama alianza kusema ameshiba kabla chakula hakijapakuliwa. Mwezi wa Ramadhani, ambao yeye kwa ugonjwa wake alikuwa na ruhusa ya kutofunga, ulikuwa mgumu zaidi kwa sababu magharibi ilipofika watu walifungua kwa tende na uji wa pilipili manga, naye akatazama. Tuliamua kwamba uji wa nyumba nzima upikwe kwa uzito wake, na tende zisagwe na kuchanganywa na mtindi kwa yeyote aliyetaka. Wajukuu walizimaliza kabla yake.

Mtaalamu anayestahili kusimamia haya yote ni wa tiba ya usemi na umezaji, na hao ni wachache sana kwetu. Shahada ya kwanza ya fani hiyo katika Afrika Mashariki ilianzishwa Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2008. Ukimpata, atafanya zaidi ya kupanga ngazi za vyakula. Atampa mgonjwa mazoezi: kumeza kwa nguvu zote kana kwamba anasukuma kitu kikubwa, kulishikilia zoloto lisishuke kwa sekunde chache linapofika juu, kusukuma kaakaa kwa ulimi, au kulala chali na kuinua kichwa peke yake hadi aone vidole vyake vya miguu, zoezi ambalo huimarisha misuli inayovuta mlango wa umio ufunguke lakini halimfai mwenye maradhi ya shingo. Asipopatikana, muuguzi wa wodi ya kiharusi, mtaalamu wa fiziotherapia na daktari wa masikio, pua na koo kila mmoja ana sehemu ya ujuzi huo, na inafaa kuwauliza wazi kabla ya ruhusa: ale nini, kwa uzito gani, akiwa amekaaje, na apimwe tena lini.

Swali hilo la mwisho husahaulika, na matokeo yake ni wazee wanaokula chakula kilichosagwa miaka mingi baada ya koo zao kupona. Wagonjwa wengi wa kiharusi hurejea kumeza vizuri ndani ya wiki chache, na wengine huendelea kupata nafuu kwa miezi. Mama alipopimwa upya alipandishwa hadi chakula laini cha vipande: samaki aliyetolewa miiba yote, wali uliopikwa ukalainika na kushikana, mchicha uliokatwa mwembamba, ndizi za nazi. Maji anakunywa kwa kikombe kidogo asubuhi, kabla uchovu haujaanza, baada ya kupiga mswaki. Chai bado inazitishwa, naye analalamika kila siku kwamba ni uji ulioongezwa tangawizi, na kuhusu hilo ameahidi kuzungumza na daktari yeye mwenyewe.